Chama cha Labour cha Uingereza 2024 walipata kura pungufu kuliko 2019 walipopigwa, ila wakashinda kwa kishindo. Sasa nani alihama?

#1 Kalamu Nyeusi
Habari zenu wakuu.

Tangu Julai 4, 2024 kila mchambuzi anatuambia Waingereza "wamehamia Labour". Juzi nikakaa na matokeo ya chaguzi tatu mfululizo, nikaona hesabu haikai.

2017, Labour chini ya Corbyn: kura milioni 12.9, asilimia 40, viti 262. Kashindwa.
2019, Corbyn huyo huyo: milioni 10.3, asilimia 32, viti 202. Kapigwa vibaya.
2024, Starmer: milioni 9.7, asilimia 33.7, viti 411. Kachukua nchi.

Yaani chama kimepoteza kura zaidi ya laki 5, viti vimeongezeka mara mbili. Hao waliohamia Labour wako wapi? Mimi nasema hakuna aliyehama. Watu walikaa nyumbani, basi. Anayebisha aje na takwimu, ushabiki tuuache kule jukwaa la michezo.

#2 Mla Mihogo
Natia nanga hapa. Wajuvi wanakuja.

#3 Fundi Mizani
Mkuu Kalamu Nyeusi, umesoma ukurasa mmoja wa daftari. Fungua wa Conservative, wahafidhina waliokuwa madarakani. 2019 na Boris Johnson walipata karibu milioni 14. 2024 na Sunak wakaambulia milioni 6.8. Kura milioni 7 zimeyeyuka ndani ya miaka minne na nusu.

Twende kwenye hoja yako ya kukaa nyumbani. Waliojitokeza walishuka kutoka asilimia 67 hadi 60. Kura zote za 2019 zilikuwa kama milioni 32, za 2024 milioni 28.8. Pengo ni milioni 3 na ushee. Sasa hata nikikupa bure kwamba wote hao ni watu wa Conservative waliosusa, bado nakudai karibu milioni 4. Hao walitoka nyumbani na walipiga kura. Reform ya Farage ilipata milioni 4.1, wakati 2019 ilipokuwa ikiitwa Chama cha Brexit (yaani kujitoa Umoja wa Ulaya) ilikuwa na laki 6 na kidogo. Tafuta hapo kwanza.

#4 Chokochoko
Mleta uzi kaja na nusu ya daftari 😂😂 Nusu nyingine kaiacha nyumbani na wale wapiga kura wake.

#5 Kalamu Nyeusi
Chokochoko punguza. Fundi Mizani, umenionyesha nani kaondoka Conservative. Hujanionyesha nani kaingia Labour. Swali langu bado limesimama wima.

#6 Baharia wa Hull
Salaam wakuu. Mimi niko Hull, upande wa mashariki, nawasimulia ninachokiona.

Jirani yangu ni mzee aliyefanya kazi kwenye meli za uvuvi zilizokuwa zikienda mpaka bahari ya Iceland, kabla ule ugomvi wa samaki haujaisha 1976 na kazi ile kufa. Baba yake alikuwa mpagazi bandarini, kadi yake ya chama cha wafanyakazi imewekwa kwenye fremu sebuleni, juu ya televisheni. Huyu mzee kapiga kura ya Labour maisha yake yote. 2016 akapiga ya kujitoa Umoja wa Ulaya, kama karibu asilimia 68 ya watu wa jiji hili. 2017 akarudi Labour. 2019 Chama cha Brexit. 2024 Reform.

Sasa muulize yeye ni chama gani. Anakujibu bila kupepesa macho: Labour. Conservative hataki hata kusikia jina la Thatcher, waziri mkuu wao wa miaka ya 80, likitajwa mbele ya chai yake. Kwa akili yake, Reform ni fimbo ya kuwachapa wenzake wa nyumbani bila kumpa adui ushindi. Mtu wa namna hiyo mnamwandika wapi kwenye daftari lenu, amehama au hajahama?

#7 Mswahili wa Mvita
Baharia, kisa chako kitamu sana. Lakini nyote mwachanganya uhamaji wa kura na uhamaji wa viti.

Tazameni: Reform kura milioni 4.1, viti 5. Liberal Democrats, chama cha mrengo wa kati, kura milioni 3.5, viti 72! Kwani Mungu anawapendelea? La hasha. Kule kila eneobunge ni duru moja, anayetangulia ndiye mbunge, hata kama amepata robo tu ya kura. Reform kura zake zimetawanyika nchi nzima, wamekuwa wa pili katika maeneobunge 98 na wa pili hapewi kitu. Liberal Democrats wao wamejikusanya kusini mwa Uingereza, mitaa ya watu wenye nafasi zao waliokuwa Conservative damu, wakapiga kambi huko na kwengine wakawaachia Labour.

Na wapiga kura wenyewe si wajinga. Mtu wa Labour anayeishi penye Liberal Democrat mwenye nguvu, anampa huyo ili Conservative aanguke. Kura yake ikihesabiwa utasema Labour wamepungua. Kumbe mtu hajabadilika, amebadilisha silaha tu.

#8 Kalamu Nyeusi
Hapo kwa Mswahili wa Mvita naanza kupata mwanga. Endeleeni.

#9 Mzee wa Mbuyuni
Nyie vijana mnaishangaa 2024. Mambo haya ya zamani. 1951 Labour ya Attlee ilipata asilimia 48.8 ya kura, Conservative 48. Aliyeingia Downing Street ni Churchill, viti 321 kwa 295. Februari 1974 ikawa kinyume, Heath wa Conservative kapata kura nyingi, Wilson wa Labour kapata viti 301 kwa 297, na Wilson ndiye akaunda serikali.

Tofauti yenu na zamani ni hii. 1951 vyama viwili vilibeba kura 97 kati ya kila 100. 2024 vilibeba 57. Zamani mtu alizaliwa na chama. Baba mchimba makaa, mtoto mchimba makaa, mnakaa nyumba ya halmashauri, mna chama cha wafanyakazi na klabu yenu ya bia: nyie ni Labour, hakuna mjadala. Karani wa benki na mkulima mwenye mashamba ni Conservative. Aliyevunja hayo ni Thatcher na sheria yake ya makazi ya 1980. Mpangaji wa halmashauri akauziwa nyumba kwa bei ya punguzo, akapaka mlango rangi yake, akaanza kufikiri kama mwenye mali. Hapo ndipo wafanyakazi walipohama.

#10 Binti Kitabu
Shikamoo Mzee wa Mbuyuni. Naomba nikusahihishe kwa heshima, takwimu hazikubaliani na hadithi ya nyumba. Thatcher 1979 alipata asilimia 43.9. 1983 akashuka, 42.4. 1987 akashuka tena, 42.2. Kila uchaguzi alipoteza kidogo, ila 1983 viti vyake viliruka kutoka 339 hadi 397. Kama wapangaji walihamia kwake kwa wingi, mbona asilimia inashuka?

Kilichotokea ni upinzani kupasuka. 1981 vigogo wanne wa Labour, Jenkins, Owen, Williams na Rodgers, wakaanzisha chama kipya, SDP, wakaungana na chama cha Liberal. 1983 muungano wao ulipata asilimia 25.4, Labour 27.6. Kwa kura wamekaribiana kabisa. Kwa viti: Labour 209, wao 23. Thatcher alipita katikati.

#11 Mzee wa Mbuyuni
Marahaba binti. Umesoma, lakini asilimia ya jumla haikuonyeshi nani kaingia na nani katoka. Anaweza kumpoteza mwalimu akampata fundi bomba, asilimia ikabaki pale pale. Essex nzima ilijaa mafundi wa namna hiyo.

#12 Chokochoko
Mzee kajibu kisomi. Binti Kitabu 1, Mzee 1. Twende muda wa nyongeza.

#13 Njia Panda
Mnasahau vita vya Falklands 1982 dhidi ya Argentina. Kabla ya vita Thatcher alikuwa hapendwi, ajira zimekauka. Meli zikaenda, zikarudi na ushindi, mama akawa shujaa. 1983 ni bendera tu, msituzungushe.

#14 Fundi Mizani
Njia Panda, wataalamu wanavutana juu ya hilo mpaka leo. Wengine wanasema uchumi ulishaanza kupumua mapema 1982, mfumuko wa bei unashuka, na umaarufu wake ulikuwa umeanza kupanda kabla meli hazijaondoka. Kwa hiyo tuna bendera, mfuko na mpasuko wa upinzani. Chagua mkeka wako ukae.

#15 Mtoto wa Mgodini
Mzee kagusa makaa ya mawe, nataka kuongeza hapo. Watu wanasema ule "ukuta mwekundu" wa Labour kaskazini na katikati ya England ulianguka 2019 kwa sababu ya Brexit. Chukueni Bolsover, jimbo la Dennis Skinner, mchimba makaa mstaafu aliyekaa bungeni tangu 1970. 1997 alishinda kwa kura zaidi ya 27,000. 2017 akashinda kwa 5,000 na kidogo. 2019 akapigwa kwa 5,000 na kidogo.

Nyufa zilianza zamani, wakati wa Blair, waziri mkuu wa Labour. 1997 Labour kitaifa walikuwa na kura milioni 13.5. 2005, baada ya vita vya Iraq, milioni 9.5. Kura milioni 4 zimeondoka na Blair bado anashinda, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wengi wa hao hawakwenda Conservative moja kwa moja. Waliacha kupiga kura kwanza: 1997 walijitokeza asilimia 71, 2001 asilimia 59. Wakakaa kando miaka. 2016 ikaja kura ya maoni ya Umoja wa Ulaya, wakaamka, na walipoamka hawakurudi kitanda kile kile. Thatcher aliwavunja wachimbaji kwenye mgomo wa 1984 hadi 1985, na watoto wao ndio waliompa Boris jimbo. Maisha haya.

#16 Baharia wa Hull
Mtoto wa Mgodini, sehemu kubwa nakubali. Ila usiwaweke wachimbaji wote kapu moja. Wa Nottinghamshire wengi waliendelea na kazi wakati wa mgomo, wakajitenga na kuunda chama chao cha wafanyakazi. Ndiyo maana Mansfield iliangukia Conservative mapema, 2017, mwaka ule ule Labour wakiongeza viti kitaifa. 2024 ikarudi Labour.

#17 Mtoto wa Mgodini
Bolsover iko Derbyshire mkuu.

#18 Baharia wa Hull
Najua. Na mpaka wa Derbyshire na Nottinghamshire ni barabara unayovuka kununua mkate.

#19 Mama wa Belgrave
Jamani hamjambo. Niko Leicester. Nyote mmezungumzia wazungu wa makaa na samaki, mimi niwaletee Waswahili wenzenu. Msicheke, nasema kweli. Mtaani kwetu, Belgrave Road, kuna duka la viungo na mwenyewe kazaliwa Jinja. Ukimsalimia kwa Kiswahili anaacha mteja kwenye mizani aje mpige soga.

Hawa Wahindi wa Afrika Mashariki wana hesabu zao za siasa. 1968 serikali ya Labour ya Wilson ilipitisha sheria ya haraka haraka kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie. 1972 Idi Amin alipowafukuza wa Uganda, serikali ya Conservative ya Heath ikawapokea, zaidi ya 27,000. Halmashauri ya jiji la Leicester ikatoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku. Wakaja hivyo hivyo 😀

Pamoja na yote hayo, miaka mingi wengi wao walipiga kura ya Labour, kwa sababu mitaani ndio waliowatetea dhidi ya wabaguzi. Leicester East ikawa ngome ya Labour tangu 1987. Kisha 2024, siku ambayo Conservative wanalia nchi nzima, jimbo walilolinyakua kutoka Labour ni moja tu. Hilo hilo letu.

#20 Njia Panda
Kwa sababu ya Sunak, mzaliwa wa Kenya mwenzao. Damu nzito.

#21 Binti Kitabu
Njia Panda, Sunak kazaliwa Southampton. Baba yake ndiye mzaliwa wa Kenya, mama yake Tanganyika.

#22 Chokochoko
Tanganyika ndani ya nyumba! Basi na sisi tulishindwa uchaguzi ule 😭

#23 Mama wa Belgrave
Njia Panda, rahisi hivyo? Kwanza, wabunge wawili wa zamani wa Labour wa jimbo hili hili waligombea dhidi ya Labour, kura zikagawanyika. Conservative kaingia na chini ya theluthi moja. Pili, mkutano mkuu wa Labour wa 2019 ulipitisha azimio la Kashmir, eneo linalogombewa na India na Pakistan, lililowaudhi Wahindu wengi. Tatu, watoto wa wale wakimbizi sasa ni wafamasia, wahasibu, wenye maduka matatu manne. Mwenye duka wangu wa Jinja anasema kodi ndiyo iliyombadilisha. Mkewe anasema Kashmir. Wanaishi nyumba moja.

Na hapo hapo mjini, Leicester South, mambo yakawa kinyume. Ashworth wa Labour, aliyekuwa akipigiwa hesabu ya uwaziri, 2019 alishinda kwa pengo la kura zaidi ya 22,000. Akaangushwa na mgombea binafsi kwa kura 979, sababu kubwa Gaza. Majimbo mawili yanapakana, Labour kapoteza yote mawili usiku mmoja kwa watu wawili tofauti kabisa.

#24 Mswahili wa Mvita
Mama wa Belgrave, ahsante sana. Niongeze Harrow East, London. Kuna Wagujarati wengi pale. 2024 ndilo eneobunge pekee Conservative walipata zaidi ya nusu ya kura. Pekee Uingereza nzima.

#25 Fundi Mizani
Ila 1968 hiyo hiyo ndiyo Enoch Powell, mtu wa Conservative, alitoa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji. Heath alimfukuza kwenye baraza lake kivuli. Kwa hiyo kumbukumbu ya mtu inategemea anaanzia mwezi gani wa mwaka ule.

#26 Mchimba Kaburi
Naona nyote mnawafuatilia walio hai. Mimi nawaletea hoja moja tu: wapiga kura hufa.

Uingereza wanakufa watu zaidi ya laki 6 kwa mwaka, wengi wazee. Kutoka Desemba 2019 hadi Julai 2024 hiyo ni kama milioni 3. Wazee ndio mtaji wa Conservative. Wanaoingia daftarini ni wa miaka 18, wengi wao Conservative hawawataki. Sehemu ya kura zile milioni 7 haikuhama wala haikukaa nyumbani. Imezikwa.

#27 Chokochoko
Jina na hoja vimelingana. Naogopa kupita hapa usiku.

#28 Kijana wa Kupanga
Mchimba Kaburi, vifo vipo kila uchaguzi na wazee wapya huzaliwa kila siku. Zamani kijana wa Labour alikuwa anakua, ananunua nyumba, anaoa, anageuka Conservative taratibu. Sasa hiyo ngazi imekatika. Mimi niko London, wenzangu kazini wana miaka 40 na bado tunagawana friji na wageni, kila mtu kaandika jina lake kwenye maziwa. Mtu hana mali ya kuihifadhi, atakuwaje mhafidhina?

Utafiti wa YouGov, kampuni ya kura za maoni, ulipima umri ambao mtu anaanza kuwa na uwezekano mkubwa wa kuchagua Conservative kuliko Labour. 2024 ulikuwa miaka 63. Sitini na tatu!

#29 Binti Kitabu
Malizia utafiti huo huo Kijana wa Kupanga. 2017 umri huo ulikuwa 47. 2019 ukashuka hadi 39. Kama chanzo ni nyumba, mwaka 2019 nyumba zilishuka bei? Sikuziona. 2019 ilikuwa Brexit na Corbyn. Na tangu hapo elimu imekuwa na nguvu kuliko kipato: mwenye digrii huku, asiye nayo kule.

#30 Kijana wa Kupanga
Mwenye digrii na mpangaji wa chumba ni mtu yule yule dada yangu. Nione mimi.

#31 Mtaalamu wa Barazani
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Kuna jambo Mzee wa Mbuyuni kaligusa pale #11 mkalipita kwa kasi.

Tazameni 2010 na 2015. Conservative: asilimia 36.1 kisha 36.9. Labour: 29 kisha 30.4. Ukiona hivyo utasema wananchi wamelala. Lakini kuna mradi wa utafiti wa uchaguzi wa Uingereza unaowahoji watu wale wale uchaguzi hadi uchaguzi. Walikuta zaidi ya 4 kati ya kila 10 walichagua chama tofauti 2015 na kile cha 2010. Ni daladala iliyotoka Mbagala imejaa na ikafika Kariakoo imejaa, ila abiria nusu wameshabadilika njiani.

Nini kilitokea humo ndani? Liberal Democrats waliahidi hawatapandisha ada ya vyuo, wakaingia serikalini na Conservative, ada ikapanda mara tatu hadi pauni 9,000. Wakaanguka kutoka viti 57 hadi 8. Wapiga kura wao wakatawanyika kila upande, wengi Labour. Wakati huo huo Labour wakawapoteza Waskoti: baada ya kura ya maoni ya uhuru ya 2014, SNP, chama kinachotaka uhuru wa Scotland, ikazoa viti 56 kati ya 59, Labour wakabaki na kimoja kutoka 41. Na UKIP, chama cha Farage cha wakati huo, ikapata kura milioni 3.9, kiti kimoja. Waliotoka na walioingia wakafutana, jumla ikaonekana tulivu.

Ndiyo maana kile kipimo cha mtaalamu wa chaguzi David Butler wanachokipenda kwenye televisheni, cha kujumlisha alichopanda mmoja na alichoshuka mwenzake kisha kugawa kwa mbili, kinapotosha siku hizi. 2024 kilitoa karibu asilimia 11 kutoka Conservative kwenda Labour, moja ya mihamo mikubwa tangu vita. Wakati Labour wenyewe waliongeza asilimia 1.6 tu! Kilichobaki chote ni anguko la mwenzao.

#32 Kalamu Nyeusi
Mtaalamu, hiyo ya mwisho ndiyo nilikuwa naitafuta. Sasa twende: je, 2024 Labour nao walikuwa na abiria wapya wengi, ila wameficha waliokimbia?

#33 Mtaalamu wa Barazani
Ndiyo. Pima kwa nchi. Scotland, kura za Labour zilipanda kutoka laki 5 na kidogo hadi laki 8 na nusu, viti kutoka 1 hadi 37, SNP ikabaki na 9. Hao ni waliohamia Labour kweli kweli, umewapata. England wakakaa pale pale, asilimia 34. Wales wakashuka. Na waliotoka wanaonekana kwa Greens, waliozidisha kura zao zaidi ya mara mbili, na kwa wagombea binafsi kama wa Leicester na Corbyn mwenyewe kule Islington North.

Kwa waliokuwa Conservative 2019 na wakapiga kura tena, YouGov inasema takriban robo walikwenda Reform, mmoja kati ya kumi akaenda Labour.

#34 Njia Panda
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni Liz Truss, waziri mkuu wa Conservative kabla ya Sunak. Bajeti yake ya Septemba 23, 2022 ilipandisha riba za mikopo ya nyumba, mama akaondoka baada ya siku 49. Mengine yote mapambo.

#35 Fundi Mizani
Njia Panda, kila posti yako ina sababu moja na kila mara ni nyingine 😂 Lakini tuangalie jimbo lake mwenyewe, South West Norfolk, maana lina kila kitu. 2019 Truss alipata asilimia 69, pengo la kura 26,195. 2024 akapata 25, akapigwa na Labour kwa kura 630. Labour walipanda kutoka 18 hadi robo na kidogo tu. Reform wakachukua zaidi ya moja ya tano, na mgombea binafsi, aliyekuja kumpinga Truss kwa jina, akapata 14. Kwa hiyo Labour wana jimbo ambalo karibu robo tatu ya waliopiga kura hawakuwachagua.

#36 Mtoto wa Mgodini
Kumbukeni pia 2019 Farage aliwaondoa wagombea wake kwenye majimbo 317 ya Conservative. South West Norfolk likiwemo. 2024 akawasimamisha karibu kila mahali. Hapo inawezekana mpiga kura hakuhama popote, chama chake ndicho kilichomjia karatasini.

#37 Mzee wa Mbuyuni
Hilo ni jambo zito. Mnahesabu miguu ya watu kumbe barabara ndizo zimehamishwa.

#38 Mla Mihogo
Nimetia nanga lakini nimejifunza. Swali nje ya mada kidogo: mdogo wangu ni mwanafunzi Coventry, pasipoti ya Tanzania. Kaniambia 2024 kapiga kura. Nikamwambia muongo. Inawezekana?

#39 Mama wa Belgrave
Mwombe radhi mdogo wako. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, hata kwa viza ya masomo, ana haki ya kupiga kura uchaguzi mkuu. Unajiandikisha mtandaoni, mwisho siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Siku yenyewe vituo viko wazi saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, unaonyesha kitambulisho chenye picha na pasipoti ya Tanzania inakubaliwa. Unapewa karatasi na kapenseli kamefungwa kwa uzi. Wino kidoleni hakuna, usijisumbue kunyoosha mkono kama mimi mara ya kwanza.

#40 Mla Mihogo
Kapenseli! Na hakuna anayefuta?

#41 Baharia wa Hull
Unaruhusiwa kwenda na kalamu yako. Na kura moja si mchezo: Mei 1, 2025, uchaguzi mdogo wa Runcorn and Helsby, Reform waliwanyang'anya Labour jimbo kwa kura 6. Sita. Wanafunzi wa Coventry wangetosha.

#42 Kivu Yetu
Habari za leo. Mimi mtu wa Bukavu niko Manchester. Sisi Wakongomani inatuhusu?

#43 Binti Kitabu
Pole ndugu, Congo haimo Jumuiya ya Madola, Burundi pia haimo. Rwanda imo tangu 2009. Mpaka upate uraia.

#44 Kivu Yetu
Yaani jirani yangu wa Cyangugu anachagua waziri mkuu na mie ninamwangalia? Sawa tu.

#45 Kalamu Nyeusi
Turudi kwenye mada kabla uzi haujaenda arijojo. Mtaalamu kasema Wales Labour walishuka. Nimeangalia: kutoka asilimia 41 hadi 37, na wamechukua viti 27 kati ya 32. Conservative sifuri. Hapa Reform imegawa kura, watu wamekaa nyumbani, au kuna kingine? Na msiniambie Truss.

#46 Njia Panda
Truss.